Kondoo wa Kudumu



Leo naungama. Nilipoanza kufuga huku Likoni, nilimuuza jike mzee wa Kimaasai, yule mwekundu, kwa sababu alikuwa mwembamba. Nikanunua Dorper watatu, wanene, vichwa vyeusi. Masika yakaingia. Minyoo ya tumbo ikawamaliza wote.

Kumbe jirani zetu Diani, kati ya 1991 na 1996, watafiti waliwafuga aina zote mbili. Katika unyevu huu wa Pwani, wekundu walistahimili minyoo kuliko Dorper, na wana wao wengi zaidi wakaishi.

Siku hizi siangalii unene. Namwangalia mama: amezaa miaka mingapi? Wanawe wameishi? Meno bado yapo? Mwana wa mama huyo ndiye nambakisha zizini.

Mwaka uleule nilimwondoa mama mmoja mzee kwenye uongozi wa maombi, nikaweka wenye sauti kubwa. Mkesha ukabaki na watu wanne. Nimeenda kwake kuomba msamaha.

Soma 1 Samweli 16. Hata Samweli alivutiwa na kimo cha Eliabu, na mteule yuko machungani.

Wewe umemuuza nani? Mrudie leo. Andika AMINA.