Moro si Msamvu tu

Wadau, kuna watu wa Dar wamepita Morogoro mara ishirini, ila ukiwauliza wameona nini watakutajia Msamvu: stendi, chipsi mayai, choo, safari inaendelea. Na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, wengine hata Msamvu hawaioni, wanasinzia mpaka Dodoma.

Mimi nasema shukeni. Huu ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wa Salum Abdallah na Cuban Marimba (wapenzi wa zilipendwa, mnangoja nini?). Ila mjini msikae sana. Pandeni Morning Side kwa miguu, mpishane na akina mama wanaoshuka na ndizi kichwani huku nyie mnahema na chupa zenu za maji.

Hayo maji ndiyo yananileta hapa. Mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar. Msitu wa juu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, lakini mlimani kuna watu na mashamba yao. Na Waluguru hawapendi kupangiwa: mwaka 1955 walikataa matuta ya mkoloni mpaka zikazuka ghasia. Leo mkulima wa Mgeta anaambiwa asikate mti ili bomba langu la Sinza litoe maji. Yeye anapata nini?

Basi mkifika Mgeta nunueni kabichi na njegere zake, na tafadhali msiombe punguzo.