Vinundu vya Maharagwe

Chimbua shina la maharagwe linapotoa maua. Usiling'oe kwa nguvu, vinundu vya mizizini vitabaki udongoni. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha waridi ndani, bakteria waitwao rizobia wamo kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao unawalipa sukari. Bila kwenda dukani!

Kwenye shamba analolima mama, Kakamega, nilikuta vinundu vichache, vyeupe ndani. Kipimo cha udongo kilisoma pH 4.8. Asidi ikizidi hivyo, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na rizobia wengi hushindwa kuishi humo. Mvua nyingi imeosha kalisi, halafu DAP tunayoweka kila msimu inaongeza asidi. Yaani tunanunua naitrojeni huku tukiwafukuza wanaoitengeneza.

Nikamwambia dawa ni chokaa ya kilimo. Mama akauliza inafanya kazi muda gani. Miaka kadhaa, nikasema.

“Na hii shamba nimekodi ya msimu mmoja, mwanangu. Nimtengenezee mwenyewe udongo, halafu aipangishe kwa mwingine?”

Mwenye shamba nimempigia mara mbili. Anasema mkataba mrefu ni bei nyingine.