Jina la Dhihaka

Wazazi wapenzi, wako kati yenu hapa Mushaki wachekao wamsikiapo mtoto akimwita mwenziwe kwa jina la kabila, ama akiigiza usemi wake. Wasema ni michezo tu. Mimi sikubali. Mwezi Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, kule Walikale, na mauaji yakaenea upesi hata Masisi yetu. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno, maneno ya kudharauliana: nani mwenyeji, nani mgeni.

Tena Februari 2023 vita vilifika hapa kwetu, watu wakakimbilia Sake na Goma. Mtoto aliyeyaona hayo hana haja ya kutukanwa shuleni pia.

Basi darasani mwangu kila mtoto huitwa kwa jina lake. Timu za mpira nazipanga mwenyewe, maana wakiachiwa hugawanyika kilima kwa kilima. Mwenye kudhihaki simpigi fimbo (fimbo humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki). Humtuma kuteka maji pamoja na yule aliyemdhihaki. Wawili wa juma lililopita walirudi wamelishika dumu huku na huku, wangali wamenuniana, lakini maji hayakumwagika.