Bati inatoka kwetu, taa iko wapi?

Tukitoka Goma kwenda Masisi tunapita Sake, halafu barabara inapanda mpaka Mushaki, kwenye malisho ya ng'ombe. Mbele kuna Rubaya, mlima wa koltani, ambako wamama wanaosha madini na kuuza chakula kwa wachimbaji. Walikale ni pori. Huko Bisie wanachimba kasiterite, jiwe la bati. Tukiwa watoto, ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya barabara ya lami, kuibeba mpaka Goma.

Bati inaunganisha nyaya ndani ya paneli za jua. Koltani inaingia katika simu na motokari za umeme. Dunia inapata nishati safi, na mtoto wetu anasoma kwa tochi.

Sheria ya madini ya 2018 inasema: katika ada ambayo kampuni inalipa kwa madini, asilimia 15 ni ya sekta au sheferi yanakochimbwa, kama Wanianga, penye Bisie. Tena kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji.

Vita vilifika Rubaya 2024 na Walikale 2025. Kufuata pesa hizo kumekuwa kugumu zaidi. Lakini haki haikimbii. Siku ya mkutano tusikae nyuma. Tuulize: mwaka huu zimeingia ngapi? Tuombe paneli ya kwanza iwekwe kwenye chumba cha kuzalia, ya pili shuleni.