Watumishi wa Nyuma ya Kioo

Chombo kinapoharibika, mwenye chombo hupatwa na vishawishi viwili: cha kwanza ni kukipiga, cha pili ni kukitupa. Vyote viwili huzaliwa na kutojua, na aghalabu hasara yake huzidi hasara ya ubovu wenyewe. Kompyuta ya nyumbani huonewa hivyo kuliko vyombo vingine, kwa kuwa kazi yake haionekani kwa macho. Gurudumu la baiskeli likipinda huonekana; mpini wa jembe ukivunjika hujulikana; lakini kompyuta ikikwama, kioo chake huwa kama uso wa mtu aliyenyamaza, asiyesema kama ana njaa, ana ugonjwa au ana hasira.

Mwalimu mmoja wa Songwa, katika wilaya ya Kishapu, alikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Haikuwa mpya, wala haikuwa na bei sokoni. Thamani yake ilikuwa ndani: sauti ya bibi yake akisimulia ngano za Kisukuma. Bibi alikwisha fariki, na simu iliyonasa sauti hizo ilikwisha potea. Mwalimu alikusudia kuziandika ngano zote, neno baada ya neno. Alipoanza kusikiliza, sauti ilikatikakatika na kukwaruza kama redio katika siku ya radi. Kisukuma ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana; silabi moja ikimezwa, neno laweza kugeuka lingine. Basi hitilafu ile haikuwa ya kuudhi masikio tu, bali ilikuwa ya kupotosha urithi.

Majirani walimshauri afute kila kitu na kuiwekea kompyuta programu endeshi upya. Ushauri huo ni wa kawaida, na mara nyingine hufaa; lakini kwa bibi yule ungalikuwa mazishi ya pili. Songwa si mbali na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Katika machimbo, udongo mwingi hupitishwa katika chekeche kwa ajili ya jiwe dogo, wala hapana mwenye akili amwagaye lundo kabla ya kulichekecha. Mwalimu alishika desturi hiyo. Kabla ya kugusa lolote, alinakili sauti zote katika flashi na kuiweka kabatini. Hapo ndipo alipoanza kutafuta.

Kompyuta yake ilitumia Windows, na katika Windows vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonywa pamoja hufungua orodha ya kazi zote zinazoendelea. Wengi hushangaa waionapo mara ya kwanza. Mtu hudhani amefungua programu moja tu, kumbe nyuma ya kioo wamo watumishi makumi: mmoja hukagua virusi, mwingine huleta masahihisho kwa njia ya intaneti, mwingine hupanga majina ya mafaili, mwingine huongoza sauti. Karibu wote ni wa halali, na baadhi yao wakiondolewa ghafla, kompyuta yote husimama. Kwa hiyo mwalimu hakumfukuza mtumishi asiyemjua. Alichukua daftari, na kando ya kila jina la Kiingereza aliandika kazi yake kwa Kiswahili: mlinzi, mletaji, mpangaji, mpiga ngoma. Wasomi walikwisha onyesha njia hiyo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Kitu kikipewa jina linaloeleweka, hofu yake hupungua.

Orodha ilionyesha kwamba mlinzi na mletaji walikuwa wameishika diski karibu yote kwa wakati mmoja. Sababu ya mkwaruzo ikafahamika. Sauti ya kiwango cha CD huwa na vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Kompyuta huvitayarisha kwa mafungu madogo na kuyaweka akiba, kisha akiba hiyo hutiririka kwenye spika. Ni kama mtungi wenye tundu chini: mwenye kata akimimina bila kukawia, maji hutoka mfululizo, akiitwa pembeni kidogo, mtungi hukauka na mkondo hukatika. Mwalimu alikata intaneti, akamwacha mlinzi amalize ukaguzi, kisha akapanga ukaguzi ufanyike saa ambazo yeye yuko shuleni. Mkwaruzo ukakoma, na kifurushi cha simu kikaacha kuliwa na mletaji.

Siku chache baadaye alikuja adui mwingine: kimya kitupu. Mwalimu hakuchukulia kuwa ni maradhi yale yale, maana kimya na mkwaruzo ni ndugu wa baba mbalimbali. Alikagua waya, akakagua kiwango cha sauti ya kompyuta, kisha cha programu yenyewe. Kwani tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kiwango chake, na moja yaweza kuwa bubu huku nyingine zikisema. Vyote vilikuwa sawa. Akatazama mstari unaopima sauti katika mipangilio, akauona ukicheza. Basi sauti ilikuwa ikizaliwa, ila ilipotea njiani! Tangu alipounganisha kioo kipya kwa waya wa HDMI, kompyuta ilikuwa ikipeleka sauti kwenye kioo hicho, nacho hakikuwa na spika. Alichagua spika za zamani, na bibi akasema tena.

Kama mstari ungalikuwa umelala, angaliuliza kwanza kama mtumishi wa sauti amesimama, amwanzishe upya peke yake, kisha ndipo aigeukie programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa cha sauti. Hatua moja, jaribio moja, jibu moja. Mwenye kubadili mambo matano kwa pamoja hata akipona hajui dawa iliyomponya, na ugonjwa ukirudi humkuta mjinga kama mwanzo.

Kufuta kila kitu ni rahisi, na hufanana na ujasiri. Lakini mwenye kufuta huwa ameamua kwamba ndani hamna kitu cha thamani kuliko subira yake. Kompyuta haiwezi kumwambia kama amekosea. Yapasa ajiulize mwenyewe, tena kabla ya kubonya kitufe.