Mapigo Mawili ya Neno Mtu

Katika kitongoji chetu kando ya Mto Pangani, bibi yangu mzaa mama alikuwa akisuka ukili tangu alasiri hadi jua kuchwa, na katika kusuka huko akighani tenzi alizozipokea kwa wakubwa wake. Herufi za Kirumi hakuzijua. Tenzi alikuwa nazo kifuani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa la nne, nikijiona msomi. Siku moja nikamletea kitabu cha mashairi kutoka shuleni, nikamsomea kwa ile haraka ambayo watoto hudhani ndiyo ufasaha. Bibi akasitisha mikono. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hapo umeruka chane. Rudia." Nikarudia. "Umeiruka tena." Mara ya tatu akanishika kidole cha shahada, akakigonga juu ya jamvi kwa kila silabi niliyoitamka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno mti nililitamka kana kwamba lina pigo moja, hali lina mapigo mawili: kwanza midomo hufumbwa, sauti ikakaa puani kwa kipimo chake kamili, ndipo ti ifuate.

Somo hilo la jamvini lilinitosha kwa miaka mingi, hata nikawa mwalimu wa Kiswahili nikidhani nimelielewa. Kumbe nilikuwa nimelikariri tu. Jinsi nilivyokuja kulielewa ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, ingawa haina sifa kwangu.

Lakini kwanza, ndugu msomaji, tuitazame lugha yenyewe. Kila mtu aliyefunzwa Kiswahili huambiwa kwamba mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema NYU-mba, tukiongeza kiambishi, mkazo husogea nao, tukasema nyu-MBA-ni. Kanuni hii ni nyepesi mno kiasi kwamba wengi huipita bila kuitafakari. Na tujiulize: mkazo huu watufanyia kazi gani? Msemaji hatui baada ya kila neno; maneno hutoka mdomoni yakiwa yameshikana kama shanga uzini. Mkazo ndio umwambiao msikilizaji kwamba imebaki silabi moja tu, kisha neno litakwisha, na jingine litaanza. Kwa hiyo hata mgeni ambaye hajui nusu ya maneno yasemwayo aweza kusikia mipaka yake. Mimi naamini kwamba hii ni mojawapo ya sababu zilizoifanya lugha hii ipokeleke upesi na watu wa makabila mbalimbali, ingawa sababu kubwa zaidi, yaani biashara, shule na siasa, zajulikana na kila mtu.

Wapo wasemao kwamba mkazo si kitu, bora maana ieleweke. Hao na watazame neno barabara. Tukilikaza mahali pake pa kawaida, kwenye ba ya pili, twapata njia kuu ipitayo magari. Tukiurudisha mkazo nyuma, ba-RA-ba-ra, twapata sawasawa, bila kasoro. Vivyo hivyo wa-LA-ki-ni ni kiunganishi, lakini wa-la-KI-ni ni dosari. Hata sarufi yetu huutii mkazo. Kwa nini twasema anakula, hali twasema hali na akila bila ku? Kwa sababu kitenzi hiki kina silabi moja tu, na kiambishi na hakiwezi kubeba mkazo. Hapo ku huingia kuubeba mzigo: a-na-KU-la. Lakini ha na ki zaweza kuubeba zenyewe, kwa hiyo ku hupumzika. Mwanafunzi akifundishwa jambo hili kwa sikio, hahitaji kukariri orodha.

Ushairi wetu nao una hesabu yake. Katika ushairi wa Kiingereza aghalabu huhesabiwa mikazo na mpangilio wake. Sisi twahesabu mizani, yaani silabi, na kila silabi ina haki yake, iliyokazwa na isiyokazwa. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Wa shairi la kawaida una kumi na sita, nane kwa nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizi katika kitabu chake cha 1954, lakini bibi yangu alizijua kwa vidole. Na hapo ndipo zilipo zile m na n zinazosimama peke yake bila irabu, kama katika mti, nchi na nne. Zote huhesabiwa. Anayezimeza amempunja mtunzi.

Basi mwaka 1975 nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya msingi katika mkoa ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 waitwa Kagera. Nilikuwa kijana, nami nilikwenda na kiburi cha mtu wa pwani. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 lahaja ya Kiunguja ilikuwa imechaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ingawa mimi si Mwunguja, nilijihesabu katika ukoo. Niliyasikia maneno ya wanafunzi wangu yakipanda na kushuka, nikasema moyoni kwamba watoto hawa wanaimba badala ya kusema. Sikujua kwamba Kihaya, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hutumia toni kupambanua maana, na kwamba Kiswahili ndicho kilichoachana na desturi hiyo ya jamaa zake. Katika ukoo wa Kibantu, mgeni nilikuwa mimi.

Miaka ile, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilikuwa zimeenea sana shuleni. Nilitunga moja kwa ajili ya Saba Saba, nami nakiri kwamba haikuwa na utamu mkubwa. Ilikuwa na mawaidha mengi kuliko picha. Mshororo wake wa kwanza ulisema: Mtu hawi mtu pweke. Nilimpa aufungue mvulana mmoja wa darasa la sita, kwa sababu alikuwa na sauti iliyofika nyuma ya darasa bila kupiga kelele. Akasimama, akanyosha mikono kama nilivyomfundisha, akasema: "Mutu hawi mutu pweke."

Nikamsimamisha. Nikamwambia, si mutu, ni mtu. Akarudia, mutu. Nikamwita mbele, nikamwamuru alitamke neno hilo peke yake mpaka litakapotoka sawa. Alijaribu mara tano, na kila mara ile u ilijitokeza katikati, ndogo, lakini ilikuwapo. Darasa likacheka. Nami nilicheka. Kisha nikampa nafasi yake msichana mmoja ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka mjini. Msichana yule alilitamka kama nilivyolitaka, upesi na kwa madaha, na nilimsifu mbele ya wenzake.

Siku ya mashindano ngonjera yetu ilichechemea. Kila kundi la wanafunzi lilipoitikia, liliingia kabla ya wakati, kana kwamba mshororo wa kwanza ulikuwa umekatwa mkia. Waamuzi wakasema mizani ilipwaya. Niliwalaumu waamuzi. Nilikuwa nimeitunga mwenyewe, nimehesabu mwenyewe, na karatasini kila mshororo ulikuwa na mizani nane kamili.

Yule mvulana hakunyosha mkono tena katika kipindi changu. Aliandika vizuri, insha zake nilizisoma mara mbili mbili. Lakini nilipomwuliza jambo alisimama, akanitazama, akanyamaza mpaka nilipomruhusu kuketi. Alimaliza darasa la saba bila mimi kuisikia tena ile sauti yake. Wakati ule nilisema ni mkaidi.

Mwaka 1983 nilikuwa likizoni nyumbani. Bibi alikuwa mzee sana, macho yamemtoka, lakini mikono bado ilisuka. Jioni moja, kwa kutaka kumchekesha, nikamsimulia habari ya mtoto aliyeshindwa kusema mtu. Hakucheka. Akaniambia nimwigize. Nikamwigiza, pamoja na ule mpando wa sauti. Bibi akagonga jamvi kwa kidole: mu, tu, ha, wi, mu, tu, pwe, ke. Akauliza, "Na huyo uliyempa badala yake, alisemaje?" Nikamwigiza na yule msichana, upesi na kwa madaha. Kidole kikagonga mara sita, kikabaki hewani.

"Yule alikupa zote nane," akasema. "Ukamnyang'anya, ukampa aliyekuletea sita."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilianza kufikiri nililopaswa kulifikiri miaka minane nyuma. Kwa Kihaya mtu ni omuntu. Sisi wa pwani nasi tulikuwa na irabu hiyo zamani. Tuliidhoofisha mpaka ikaanguka, lakini pigo lake halikuanguka. M ilibaki kulishika, na mkazo wote wa neno ukahamia juu yake: M-tu. Mtoto yule hakuongeza kitu. Alikuwa na neno katika umbo la kale zaidi, umbo ambalo hata leo husikika katika Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu, na mapigo yake yalikuwa yaleyale mawili, na mkazo ulikuwa mahali palepale, MU-tu. Yule msichana ndiye aliyelivunja neno, na mimi nilimpigia makofi, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza lafudhi na wala si lugha.

Sisemi kwamba usanifu hauna maana. Taifa lahitaji tahajia moja na matamshi ya mfano, na mwalimu asiyesahihisha amekula mshahara wa bure. Nasema tu kwamba kuna kosa na kuna alama ya nyumbani, nazo si kitu kimoja. Tazama mfano ulio katika mashamba ya Kagera yenyewe. Mbuni wa mapigo matatu, m-BU-ni, ni mti wa kahawa. Mbuni wa mapigo mawili, MBU-ni, ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Mwanafunzi asemaye mubuni hakumchanganya mkulima yeyote. Lakini mtu wa mjini amezaye ile m ya kwanza ameugeuza mti kuwa ndege. Yupi kati yao asahihishwe kwanza? Naona kwamba katika shule zetu tulifanya kinyume, na pengine hatujaacha.

Mwaka 1990 nilitumwa kusimamia mitihani ya darasa la saba katika mkoa uleule. Nikauliza habari za yule mwanafunzi, nikaelekezwa. Nilimkuta kibanjani kwake, kati ya migomba na mibuni, mtu mzima wa makamo ya ujana, akipalilia. Aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaweka jembe chini, akanikaribisha ndani na kuniletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo heshima ya kwao. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya kahawa. Alisema maneno machache, kwa uangalifu, kama mtu apitaye juu ya daraja la mti mmoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba radhi tangu Bukoba mjini, na yote yalinipotea.

Mtoto wa kike akaja akasimama mlangoni.

"Huyu ndiye wa kwanza," akasema baba yake. "Yuko darasa la kwanza. Yeye anasema mtu, Mwalimu. Nimemzoeza mwenyewe, jioni, kabla ya kula." Akamgeukia. "Mwambie Mwalimu."

Mtoto akafumba midomo, akaisimamisha sauti puani, akalitamka. Kidole changu kilikuwa kinagonga juu ya goti bila mimi kukituma. Mapigo yalikuwa mawili, kamili. Hata bibi yangu asingepata la kuongeza.

Nikamwambia baba yake kwamba na lake lilikuwa na mawili, siku ile darasani. Kwamba mshororo wake ulikuwa mzima, na aliyekosea ni mimi. Akaitazama mibuni yake kwa muda.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Nilihesabu."

Kisha akainuka kunisindikiza hadi barabarani, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na njia ya migombani huingia giza mapema.