Songea kwa albamu tano: njia ya kusini hadi Matimila

Wapo wanaopima safari kwa kilomita, na wapo wanaopima kwa lita za mafuta. Sisi wengine tunapima kwa albamu. Kutoka Makambako mpaka Songea ni karibu kilomita 300, yaani albamu tano hivi, kama hamkai sana Njombe kununua viazi na kama hamgombanii redio. Na kugombania redio, mpenzi msomaji, ni lazima. Ukitaka kumjua mwenzako vizuri achana na mambo ya hoteli na mishumaa. Kaa naye kwenye gari moja, njia ndefu, redio moja.

Niseme mapema kwamba mimi si mchambuzi wa muziki. Gitaa la solo na la rithimu nayatofautisha kwa kubahatisha. Nasikiliza kama unavyosikiliza wewe: nikipika, nikipiga pasi, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Kwa hiyo haya yafuatayo si chati wala si uchambuzi wa kitaalamu. Ni alichosikia mtu wa kawaida kwenye barabara ya kusini, akiwa na mume asiyekubaliana naye.

Masharti tuliyapanga kabla ya kuondoka Makambako. Albamu moja yake, moja yangu, kwa zamu. Hakuna kuruka wimbo, hakuna kupunguza sauti kwa hila.

Mpya kwanza

Mwenzangu alianza na Harmonize, Afro East ya 2020. Kiukweli kwa safari ya kusini ni chaguo lenye heshima yake, maana jamaa ni mtoto wa Mtwara, na kusini hatuna mastaa wengi wa kujivunia. Ni albamu ya kusherehekea, imejaa wageni, utadhani uko kwenye harusi ambayo kila meza ina mtu kutoka nchi nyingine. Nilichofurahia ni kumkuta Lady Jaydee humo ndani, dada ambaye alikuwa anatamba wakati kizazi hiki bado kinavaa kaptula za shule. Nisichokifurahia ni kwamba kufika wimbo wa kumi nilikuwa nimesahau wa pili.

Zamu yangu nikaweka Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Hii ndiyo albamu yenye "Ndiyo Mzee", ule wimbo wa mgombea anayeahidi mbingu na wananchi wakaitikia. Mdundo wake leo unasikika mwembamba, huo ndio ukweli. Lakini maneno hayajazeeka hata siku moja. Na kuna raha ya pekee kuusikiliza huku unaelekea Songea, kwa sababu jina halisi la Professor Jay ni Joseph Haule, na ukishaingia mkoa wa Ruvuma akina Haule utakutana nao dukani, benki, kanisani na kwenye vibao vya mawakili.

Ya tatu ilikuwa ya kwake tena: Definition of Love ya Mbosso, 2021. Hapa nikanyamaza. Mbosso anajua kubembeleza, na sauti yake ina ile chembe ya mwambao ambayo hata ukiwa umenuna inakulainisha. Tulipita mashamba ya chai ya Njombe na hiyo albamu, ukungu umeshuka mpaka barabarani, vioo vimefungwa. Kwa wapenzi walioko safarini naipa alama zote. Ila nayo, kama nyingi za sasa, haikuachii nafasi ya kupumua. Nyimbo ni fupi, kila moja inaingia na kibwagizo chake mkononi kama mtu anayejua ana dakika tatu tu kabla hujambadilisha.

Zilizorudi kutoka ng'ambo

Baada ya Njombe nilitoa silaha yangu: Hot in Dar, ya tano katika mfululizo wa Zanzibara unaotolewa Ufaransa na kampuni ya Buda Musique. Ilitoka 2009 na imekusanya muziki wa dansi wa mwaka 1978 hadi 1983. Kuna nyingine, ya tatu katika mfululizo huohuo, inaitwa Ujamaa, ya 2007, nayo ni ya miaka ya 1960, enzi za akina Kilwa Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz.

Kwa nini muziki wa Dar utolewe upya Paris? Jibu ni refu kidogo. Zama zile bendi zetu zilirekodi zaidi Radio Tanzania, kwa ajili ya kupigwa redioni. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo nyingi zilikwenda kufyatuliwa Nairobi. Biashara ya santuri ilipokufa, zikabaki kanda, na kanda mnazijua: zinakwaruza, zinameza, zinarekodiwa kipindi cha mpira juu yake. Waliokuja kuzitafuta, kuzisafisha na kuziandikia kijitabu wengi walikuwa wageni. Ndiyo maana leo Mtanzania anaagiza kutoka Ulaya muziki uliopigwa karibu na kwao.

Mwenzangu, ambaye alikuwa amekaa tayari kuchoka, alishika kile kijitabu akaanza kusoma kwa sauti. Nani kapiga gitaa, nani kapuliza saksafoni, nani katunga. "Kumbe hawa watu wana majina," akasema. Mimi nikacheka, lakini neno lile liliendelea kunizunguka kichwani mpaka mwisho wa safari.

Kisha tukafika kwenye kona za Lukumburu, na kwenye kona za Lukumburu hakuna ubishi, unaweka Remmy. Songs for the Poor Man ilitolewa 1989 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa kinara wa Super Matimila. Mpaka leo Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Kwenye CD hii kuna "Kipenda Roho", kuna "Mariam Wangu", kuna "Muziki Asili Yake Wapi". Nyimbo zake hazina haraka. Anaanza anaongea na wewe kama jirani, halafu katikati magitaa yanashika njia yao, na mnajikuta hamjasemeshana dakika sita na hakuna aliyenuna.

Hapo ndipo tulipokumbuka "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliohimiza kondomu, ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Haumo kwenye CD hii, lakini tulikuwa tumetoka kupita Njombe, mkoa ambao katika tafiti za kitaifa za miaka ya karibuni umekuwa ukiongoza kwa maambukizi ya VVU. Tukaanza kuhesabu kwenye albamu mpya nne tano tunazozijua: mapenzi yamejaa, usaliti umejaa, kitanda kimejaa. Kupima hakuna. Tuliongea mambo ambayo nyumbani huwa tunayazunguka, mara ya mwisho tumepima lini, nani aliogopa zaidi. Sitayaandika yote hapa. Ila kama wimbo uliokataliwa redioni unaweza kuwafanya watu wawili waongee hivyo baada ya zaidi ya miaka 30, basi umefanya kazi yake.

Folda ya zilipendwa

Songea ni mji wa baridi tamu, wa milima ya Matogoro unapochipukia mto Ruvuma. Ni mji wa redio pia: Radio Maria Tanzania ilianzia hapa mwaka 1996. Muziki utausikia kila kona, bodaboda za Lizaboni, saluni za Bombambili, maduka ya jumla ya mjini. Karibu na soko kuu tulimkuta kijana mwenye kompyuta na spika mbili kubwa, anawarushia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Mpya zote anazo, zimepangwa kwa jina la msanii, na picha. Nikamuuliza za zamani.

"Zipo dada, folda nzima hii hapa."

Folda imeandikwa ZILIPENDWA MIX. Ndani yake nyimbo ni Wimbo 01, Wimbo 02, mpaka mia na kitu. Akafungua mmoja, na huyo hapo Remmy, wala usitafute. Nikamuuliza ni nani anaimba.

"Hiyo ni ya zamani tu, dada. Wazee wanaipenda."

Kijana wa watu simlaumu. Anajitafutia riziki, na bila yeye pengine mzee wa Mletele asingesikia tena wimbo aliochumbia nao. Muziki wenyewe Songea haujawahi kufa. Kilichokufa ni jina. Na jina likifa, hata anayetaka kumlipa mtunzi au watoto wake haujui mlango wa kugonga. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kumtafuta mtu anayeitwa Wimbo 47.

Mji unaojua thamani ya jina

Kesho yake tulikwenda Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge. Nendeni hata kama mmekuja kwa fungate. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa zaidi ya 60 waliopigana vita vya Majimaji, na majina yao yameandikwa, mtu kwa mtu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye aliuawa mwaka huohuo na amezikwa peke yake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wameendelea kukidai. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mwenyewe mpaka hapa, akakutana na wana ukoo na kuomba radhi.

Simfananishi babu wa watu na kanda ya dansi, Mungu apishie mbali. Ila kusimama mbele ya orodha ile kunakufundisha kitu. Watu wa Songea wameyashika majina kwa zaidi ya miaka mia moja, wakijua kwamba huwezi kudai kilichochukuliwa kama husemi ni cha nani. Yule kijana wa sokoni anapita hapo kila siku. Na mimi na wewe tunapakua Wimbo 47.

Matimila

Sasa kuhusu lile jina la bendi. Maelezo yaliyochapishwa yanapishana: mengine yanasema Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, mengine yanasema ni kijiji cha kusini mwa Tanzania. Lakini kata ya Matimila ipo, iko Songea Vijijini, na mimi nilikuwa nimeapa sirudi Dar bila kufika.

Usitegemee sanamu ya gitaa. Ni mashamba ya mahindi, barabara ya vumbi jekundu, watoto wanaokimbiza gari. Tulisimama kwenye kiduka, tukamwamkia mzee aliyekuwa kwenye benchi, akaitikia marahaba na kutusogezea nafasi. Nikamweleza kwamba kuna bendi ilibeba jina hili mpaka Uingereza, na santuri yake bado inauzwa huko.

"Remmy tulimsikia sana redioni," akasema. "Sisi tulimjua. Kama yeye alitujua, hilo sijui."

Mwenzangu akafungua milango yote ya gari na kuweka "Muziki Asili Yake Wapi". Hakuna aliyecheza, tusidanganyane. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mwenye duka alitoka nje, mwanamke mmoja alitua ndoo. Kisha mzee akaomba aone lile karatasi la CD. Akaliweka mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wazee, akatafuta kwa kidole mpaka akafika. Akasoma kwa sauti, silabi moja moja: Ma-ti-mi-la. Akamwita mjukuu wake aje asome na yeye.

UKIPANGA SAFARI

Njia: Kutoka Dar mnapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, lami mwanzo mwisho. Mabasi yapo kila siku. Kuanzia Lukumburu kwendeni taratibu, hasa kukiwa na ukungu. Kutoka Mtwara mnaweza kupitia Masasi, Tunduru na Namtumbo.

Cha kuvaa: Sweta. Juni na Julai, sweta mbili.

Cha kula: Dagaa wa ziwa Nyasa kwa ugali na mboga za majani. Ulanzi onjeni kidogo kwanza, hasa mwenye kuendesha.

Msikose: Abasia ya Peramiho, kama kilomita 25 kutoka mjini, walipofika Wabenediktini mwaka 1898. Ngoma ya lizombe ya Wangoni, mkibahatika kualikwa harusini. Na mkiwa na siku mbili za ziada, teremkeni Mbinga hadi Mbamba Bay. Kipande cha mwisho, karibu kilomita 66, sasa ni lami.

Cha kusikiliza kwenda: Afro East kwa kuchangamka, Definition of Love kwa ukungu wa Njombe, Machozi, Jasho na Damu kwa kucheka na kuumia.

Cha kusikiliza kurudi: Hot in Dar na Songs for the Poor Man. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma majina.